Waya wa Choki katika Morris Minor
Morris Minor, motokari iliyoundwa Uingereza tangu 1948, huwashwa asubuhi kwa kuvuta choki. Waya wake huishusha jeti iliyo chini ya kabureta ya SU, injini ikapata petroli nyingi zaidi.

Upitisheni waya mpya pasipo kona kali, mbali na bomba la moshi. Kisha sukumeni kitufe mpaka mwisho, ndipo mkaze skrubu, mkiacha ulegevu wa milimita 1.5 hivi. Wengi huudharau ulegevu huo, nao ndio kazi yenyewe! Waya ukivutwa mno, jeti haipandi sawasawa: plagi hushika masizi, petroli huosha oili katika silinda, na fedha ya watoto hutoka kwa moshi mweusi. Vuteni na kurudisha mara tatu, mkiitazama jeti kwa macho.