Kuhesabu hadi 500

Mei 1940, Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi wa Ujerumani, aliandika waraka kuhusu watoto wa Poland, nchi waliyokuwa wameivamia. Shule yao, alisema, iwe ya madarasa manne: wajue kuhesabu hadi 500, kuandika majina yao, na kuamini kwamba kumtii Mjerumani ni amri ya Mungu. Haja ya kusoma hakuiona.

Wanaodhani chuki huanza na bunduki wautafakari waraka huo. Umeandikwa kwa utulivu wa karani anayepanga bajeti, na hapo ndipo penye kutisha.

Tena haukuzuka hewani. Miezi sita kabla, Novemba 6, 1939, maprofesa wa mji wa Kraków, Poland, waliitwa kusikiliza mhadhara, wakakuta mtego wa Wajerumani. Watu 183 walikamatwa, wengi wao wakaishia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Ujerumani. Wapolandi waliopelekwa Ujerumani kufanya kazi walilazimishwa, kuanzia Machi 1940, kushona herufi P kwenye nguo zao. Kupanda basi au treni bila kibali ilikuwa marufuku. Kulala na Mjerumani, kifo.

Lakini Wapolandi hawakukubali kufanywa mbumbumbu. Walimu walifundisha kwa siri majumbani, watoto wakiingia mmoja mmoja wasishtukiwe. Mjini Kraków, kijana mmoja aliyekuwa kibarua kiwandani alisomea upadri kwa siri hiyohiyo. Jina lake Karol Wojtyła. Septemba 1990 alitua Dar es Salaam, na umati uliompokea ulimwita Papa Yohane Paulo II.