Muhula wa Kwanza wa Shahada ya Sinema: Kipi Kitangulie?

Mara nyingi muhula wa kwanza wa shahada ya masomo ya sinema hupangwa hivi: utangulizi wa historia ya sinema, utangulizi wa nadharia ya sinema, utangulizi wa mawasiliano ya umma, stadi za lugha, na somo moja au mawilli yaliyo ya lazima kwa wanachuo wote. Kamera husubiri mwaka wa pili. Mwanachuo hukaa muhula mzima akinakili majina ya watu na miaka ya filamu ambazo nyingi kati yake hajapata kuziona. Na mtihani ufikapo, huandika kwamba filamu fulani ni ya maana sana kwa kuwa mhadhiri amesema hivyo.

Makala haya yanakusudia kutoa hoja kwamba mpango wa namna hiyo umeanzia mwisho. Mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi aweza kuuliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu sana, maana swali ni lile lile linalomkabili mtu anayeandaa azimio la kazi la Darasa la Kwanza: mwanafunzi apewe kwanza kitu, au jina la kitu? Tofauti ni kwamba katika Darasa la Kwanza kosa huonekana mapema, mtoto ashindwapo kusoma. Chuo kikuu kosa hujificha nyuma ya maneno makubwa, na pengine hupewa alama ya juu.

Kipo kisa kilichosimuliwa na Mwingereza John Wilson, na Marshall McLuhan wa Kanada akakinukuu katika kitabu chake cha mwaka 1962. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu fupi ya kuwafundisha wanakijiji wa Afrika jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Filamu ilikwenda polepole kwa makusudi. Ilipokwisha, watazamaji waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji walishangaa, kwa kuwa hawakujua kama kuna kuku yeyote ndani ya filamu yao. Walipoikagua picha moja baada ya nyingine, wakamkuta: kuku aliyepita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi.

Kisa hiki kimetumiwa kwa miaka mingi kuthibitisha kwamba Mwafrika hakujua kutazama sinema. Fikra hiyo haikuwa ngeni. Idara ya Filamu ya Makoloni, iliyofanya kazi tangu mwaka 1939 hadi 1955, chini ya William Sellers, ilishikilia kwamba filamu za Waafrika ziwe nyepesi, za mwendo wa taratibu, zisizo na mikato ya haraka. Mimi nakisoma kisa hicho kinyume. Wanakijiji walikiona kilichokuwapo. Waliotengeneza filamu ndio walioona kile tu walichokusudia kionekane. Basi mhadhiri anayeingia darasani na orodha ya mambo ambayo filamu “inamaanisha”, kabla wanachuo hawajasema wameona nini, yumo katika kundi la mkaguzi yule.

Kwa hiyo napendekeza kwamba uti wa mgongo wa muhula wa kwanza uwe somo moja la kutazama, na kwamba somo hilo lishike filamu moja fupi. Chaguo langu ni *Borom Sarret*, aliyoitengeneza Ousmane Sembène wa Senegali mwaka 1963. Ina urefu wa dakika 20 hivi. Mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar anatoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki. Wengine wanapanda bila kulipa. Fedha kidogo aliyopata anampa msifu anayeimba ukuu wa mababu zake. Mwishowe anambeba mtu aliyevaa vizuri mpaka kwenye mtaa ambamo mikokoteni imekatazwa, na polisi anamnyang’anya mkokoteni. Nishani yake inaanguka chini na polisi anaikanyaga. Anarudi nyumbani mikono mitupu.

Juma la kwanza filamu ionyeshwe yote bila utangulizi wowote, nasisitiza, bila utangulizi wowote. Majuma yafuatayo zichukuliwe dakika mbili au tatu tu kila mara. Wanachuo wahesabu picha inakatwa mara ngapi, waandike kamera imesimama wapi, nani anaonekana mzima na nani anaonekana miguu tu. Hapo maswali yatakuja yenyewe, na historia itaingia kwa mlango wake. Kwa nini mkokoteni ukatazwe mtaa ule? Hatuwezi kujibu bila kusoma jinsi mji wa kikoloni ulivyogawanywa. Kwa nini sauti tunayoisikia inasema Kifaransa, na mtu mwenyewe ni wa mitaa ya Kiwolof? Kwa nini Sembène, aliyezaliwa mwaka 1923 na aliyekuwa mwandishi wa riwaya mwenye jina, alikwenda Moscow akikaribia umri wa miaka 40 kujifunza sinema? Kwa sababu watu aliotaka kusema nao wengi wao hawakujua kusoma.

Somo la pili liwe la kutenda. Hapa udhuru wa vifaa husikika upesi. Lakini chuo cha serikali cha sinema kilichofunguliwa Moscow mwaka 1919 kilianza wakati filamu mbichi ilikuwa haipatikani. Lev Kuleshov na wanafunzi wake waliigiza filamu nzima jukwaani, tukio baada ya tukio, bila kupiga picha hata moja. Huo ndio ufaraguzi tunaoufundisha vyuoni kwetu tunapozungumzia zana. Pudovkin, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi hao, alisimulia jinsi uso mmoja usiobadilika wa mwigizaji Mozzhukhin ulivyounganishwa mara na sahani ya supu, mara na maiti ya mwanamke jenezani, mara na mtoto anayecheza; watazamaji wakausifu ustadi wake wa kuonyesha njaa, huzuni na furaha. Siku hizi wanachuo wenye simu moja baina yao waweza kulirudia jaribio hilo katika alasiri moja. Akishalifanya, mwanachuo hatahitaji kukaririshwa maana ya uhariri.

Wapo watakaosema kwamba shahada si ufundi, na kwamba kuhesabu mikato ni kazi ya fundi. Hoja hii siioni kuwa na uzito. Mwanafunzi wa mimea huhesabu petali na hakuna amwitaye mkulima. Hoja nzito zaidi ni ile ya wasemao kwamba mwanachuo wa namna hii ataingia muhula wa pili bila kuyajua majina ambayo wenzake wa vyuo vingine wanayajua. Ni kweli, hatayajua. Hasara hiyo naikubali, kwa kuwa majina yaweza kusomwa likizo.

Isitoshe, kijana huyu haji mikono mitupu. Wengi wa Dar es Salaam na Kampala wamekulia katika vibanda vya video, ambamo mfasiri husimama na kipaza sauti, akaieleza filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji, akaongeza chumvi na kuwacheka wahusika. Kijana aliyezoea hivyo anajua tayari kwamba picha ni kitu kimoja na maneno yanayowekwa juu yake ni kitu kingine. Wako wasomi wanaolifikia jambo hilo mwaka wa tatu.

Uliobaki ni mtihani, na mtihani ndio utakaoamua kama mpango huu ni wa kweli. Watahiniwa waonyeshwe dakika mbili za filamu wasiyoijua, mara tatu, kisha waandike walichokiona na mahali walipokiona. Mtahini naye akae chumba kimoja nao, aandike ya kwake kabla hajasahihisha ya mtu yeyote. Na mtahiniwa akitaja kuku asiyekuwamo katika karatasi ya mtahini, filamu irudishwe nyuma, itazamwe tena.