Mto Ukiisha, Usinifundishe Uzi Mwembamba

Kila kiangazi wavuvi wa trauti wa Mlima Kenya hupeana mawaidha yaleyale. Refusha uzi. Tumia ulio mwembamba zaidi. Chagua nzi bandia mdogo, piga goti, kivuli chako kisiguse maji. Sipingi: mto ukipungua maji huwa maangavu, na trauti atakuona kabla hujamwona.

Shida ni kwamba mawaidha haya tuliyarithi kutoka Uingereza, kwenye mito inayopungua majira ya joto. Samaki mwenyewe naye alikuja hivyohivyo: mwaka wa 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, akayatia kwenye mto Gura, Aberdare. Mawaidha hayo yanachukulia kwamba maji yamepungua kwa sababu mvua imekwenda zake, basi.

Sasa tembea kando ya Burguret au Naro Moru mwezi wa Februari. Kule juu msituni maji yapo. Shuka upite mifereji, mabomba na pampu, uone kinachobaki. Halafu mtu aniambie siri ni uzi mwembamba? Wapi! Swali ni nani amechota.

Na huyo samaki unayemvizia tayari anaumwa. Trauti ni wa maji baridi. Yakikaribia nyuzi 20 anaanza kuhangaika, maana maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Ukimnasa kwa uzi mwembamba, huwezi kumvuta haraka, utakatika. Unamchosha, unampiga picha, unamwachilia. Anaogelea mita mbili, wewe unafurahi, yeye anaenda kufia chini ya jiwe. Huko si kumrudisha mtoni, bana. Ni kumuua ukiwa umegeuka.

Najua kuna watakaosema: trauti ni samaki wa mabeberu, acha afe. Sawa, simlilii ukoo wake. Lakini yeye huanza kuteseka mapema, kabla sisi hatujashtuka. Maji anayokosa ni yaleyale yanayopaswa kuingia Ewaso Ng'iro na kufika Archer's Post, ambako mfugaji wa Samburu anachimba mchanga wa mto ili ng'ombe wanywe. Huyo si mgeni.

Wengine watasema maua na mboga zinalipa mishahara. Ni kweli, na mkulima mdogo wa mfereji naye ana watoto. Hakuna aliyesema wasimwagilie. Wachote mafuriko ya Aprili na Novemba, wayahifadhi kwenye mabwawa, kisha kiangazi wauache mto upumue. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba: maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya kulinda viumbe wa mtoni. Maana yake, kuna maji ambayo si ya pampu ya mtu yeyote.

Kwa hivyo, wewe mwenye fimbo ya bei na buti za mpira hadi kifuani: maji yakishuka, acha samaki. Nenda kwenye mkutano wa chama cha watumiaji maji wa mto wako, uulize nani ana kibali, cha kiasi gani, na nani huenda kusoma mita yake mwezi wa Februari. Una muda wa kupiga goti saa tatu ukimvizia samaki mmoja. Muda wa kuuliza unao.