Bukavu: mwenye nyumba anayechukua garanti aonyeshe kwanza kama nyaya zake haziui

Mjini Bukavu, mtu anayetafuta nyumba ya kupanga anaulizwa kwanza garanti. Analipa, anapewa ufunguo, anaingiza watoto na magodoro. Hakuna anayeuliza kama nyaya za umeme za nyumba hiyo zimewahi kuangaliwa na fundi. Nyumba nyingi hazijaangaliwa tangu siku zilipoingizwa umeme.

Moto ukitokea Kadutu, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu: ni kursirkwi. Neno hilo linasemwa kama vile ni radi iliyotoka mbinguni, na baada ya matanga kila mtu anarudi kwake. Lakini kursirkwi haijileti. Ni waya mwembamba wa taa uliobebeshwa pasi na jiko la umeme mpaka ukapata joto na ngozi yake ikayeyuka. Ni nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa kipande cha saashe. Ni fyuzi iliyoungua, na mahali pake pakawekwa msumari ili umeme usikatike tena. Kazi ya fyuzi ni kukata umeme kabla ya moto. Anayeweka msumari anaondoa mlinzi na kuacha mlango wazi.

Katika mitaa ya nyumba za mbao zilizobanana juu ya mlima, kosa la chumba kimoja linakuwa kilio cha avenyu nzima. Gari la kuzima moto halipati njia. Na delestaji inaongeza hatari: umeme unaondoka jioni, jiko linaachwa limewashwa, kisha umeme unarudi usiku watu wakiwa wamelala.

Wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia vita kutoka Kalehe na kwingineko. Zinachukua chumba cha bei ya chini, mara nyingi familia nne au tano juu ya konteri moja. Mama akiona prizi inatoa cheche, ananyamaza. Anajua akilalamika ataambiwa: kama hupendi, toka. Amekwisha kukimbia risasi, hawezi kukimbia tena kwa sababu ya prizi. Kunyamaza kwake si kukubali. Amekosa pa kwenda tu, na wenye nyumba wengi wanalijua hilo vizuri.

Wengine wanasema hiyo ni kazi ya kampuni la umeme. Kampuni linaishia kwenye konteri. Kuanzia hapo kwenda ndani, nyaya ni za mwenye nyumba, sawa na bati na ukuta. Sheria ya Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inaweka garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Ikiwa sheria inaweza kuhesabu pesa za mpangaji, viongozi wa mitaa wanaweza pia kudai karatasi moja inayosema kwamba nyaya zimepimwa.

Kuna woga mwingine, na una msingi: kila ukaguzi katika nchi hii unageuka kuwa njia ya kula pesa za raia. Mkaguzi atapita, atapewa kitu kidogo, ataandika kwamba kila kitu ni sawa. Hiyo si sababu ya kuacha watu waungue. Ni sababu ya kupanga kazi vizuri: bei ibandikwe wazi kwenye ofisi ya kata, fundi aandike jina lake na alichokiona, mwenye nyumba alipe, na mpangaji abaki na kopi. Na mpangaji aliyeomba ukaguzi asifukuzwe kwa sababu hiyo. Bila ulinzi huo, karatasi haitamsaidia mtu.

Kazi yenyewe si kubwa. Fundi anaangalia unene wa nyaya, viungo, prizi, waya wa kwenda ardhini, na disjonkteri. Ile inayolinda watu, ya miliampea 30, ina kitufe kidogo cha kuijaribu: ukikibonyeza na umeme usikatike, haifai tena. Kubadilisha vitu hivyo kunagharimu. Lakini mwenye nyumba aliyepokea garanti ya miezi mitatu hawezi kusema hana pesa ya waya.

Wakati viongozi wanasubiriwa, wapangaji wasisubiri moto. Prizi inayopata joto, harufu ya plastiki inayoungua, ukuta unaopiga mkono: zima kwenye disjonkteri, ita fundi, ita mkuu wa avenyu awe shahidi. Moto wa umeme usimwagiwe maji kabla umeme haujakatwa. Na wapangaji wa konteri moja waende kwa mwenye nyumba pamoja. Mmoja anafukuzwa kwa urahisi. Familia tano zikisimama mlangoni siku ya kulipa, atasikia.