Kinyago Hakijichongi

Huko Marekani wako watu wazima, wenye akili zao timamu, ambao hutafuta vinyago halisi vya mazimwi yaliyopata kuonyeshwa katika michezo ya kutisha ya televisheni, na huvigombea mnadani kwa maelfu ya dola. Wengi wetu tusikiapo habari hizo hucheka. Sisi hatucheki. Tunayo lawama juu ya wakusanyaji hao, lakini si ya kupenda vinyago.

Kwanza tuwape haki yao. Mchezo uitwao The Outer Limits, ulioonyeshwa tangu 1963 hadi 1965, ulidai zimwi jipya karibu kila wiki. Zimwi lilitengenezwa upesi upesi: povu la mpira lilimiminwa katika kalibu, likapakwa rangi, likavaliwa na mchezaji aliyetokwa jasho chini ya taa kali, kisha likatupwa ghalani au jaani. Kwa wenye mali hiyo haikuwa sanaa, ilikuwa gharama iliyokwisha kulipwa. Tena povu la mpira halidumu. Hewa, joto na mwanga hulikausha, likapasuka, likamung'unyika kama mkate mkavu. Wasingalikuwapo wapenzi walioyaokota, mengi ya mazimwi hayo yasingalibakiza hata sikio. Basi msomi asemaye kwamba huo ni upuuzi wa televisheni usiostahili kuhifadhiwa, twampinga. Mpira au mti, mkono uliofinyanga ni mkono wa fundi.

Lakini fundi gani? Hapo ndipo penye lawama yetu. Katika mchezo wa Star Trek, mwaka 1966, lilitokea zimwi lenye kunyonya chumvi mwilini mwa binadamu. Aliyelitengeneza ni Wah Chang, mzaliwa wa Honolulu. Jina lake halikuandikwa miongoni mwa watengenezaji wa mchezo huo. Hata filamu ya The Time Machine ya 1960 ilipotunukiwa Oscar kwa ufundi wa maajabu yake, Chang, aliyekuwa mmoja wa mafundi wenyewe, hakutajwa katika tuzo hiyo. Naye mnunuzi mnadani huuliza nini? Huuliza kama kinyago ni chenyewe, na kama kilivaliwa na mchezaji mashuhuri. Habari za fundi huulizwa mwisho, kama zikiulizwa.

Wako waliofanya vizuri zaidi. Forrest J Ackerman wa Los Angeles aliifungua nyumba yake, iliyojaa vinyago na vifaa vya michezo ya kutisha, wageni wakaingia bila kiingilio. Alipofariki mwaka 2008 hapakuwa na jumba la umma la kuupokea urithi huo. Mwaka 2009 ukauzwa mnadani, hiki huku, kile kule. Hayo ndiyo malipo ya kuuachia utamaduni mfuko wa mtu mmoja.

Mwalimu atasema kwamba hayo ni ya Wamarekani. Je, mapiko ya Wamakonde? Kinyago kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kilikuja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, kikarudishwa nchini mwaka 2010. Na katika makabati mengi ya Ulaya, chini ya lipiko limeandikwa jina la kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja.

Na vile vinyago vya mchezo wa shule wa mwaka jana viko wapi, na katika daftari gani limeandikwa jina la mwanafunzi aliyevichonga?