Chema Hakijiuzi

Msomaji, hapana shaka umesikia mara nyingi kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina haki sokoni penye ndizi na samaki, ambavyo kila mnunuzi huvijua kwa kuvitazama. Lakini kwa mvumbuzi ni ushauri wa hasara. Kitu ambacho hakijapata kuonekana duniani hakina ajuaye faida yake. Asiyeijua faida yake hakitamani. Na kisichotamaniwa hubaki kibandani, kikaliwa na kutu.

Tazama kisa cha James Watt wa Uskoti. Mwaka 1765, alipokuwa fundi wa vyombo vya elimu mjini Glasgow, alitambua namna ya kuokoa makaa mengi yaliyopotea bure katika mtambo wa mvuke. Mwaka 1769 akapewa hataza, yaani hati ya serikali inayowakataza wengine kuutumia uvumbuzi bila ya ridhaa ya mwenyewe. Je, mtambo ulijiuza? Haukujiuza. Mshirika wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika mwaka 1773, na Watt mwenyewe alikuwa akitafuta riziki kwa kupima njia za mifereji. Mwaka 1775 akashirikiana na Matthew Boulton wa Birmingham. Boulton hakuja na sifa tupu. Alikuja na karakana, mafundi, fedha na ujuzi wa biashara. Tena wenye migodi hawakutozwa kwa ahadi: walilipa theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa. Mtambo usipookoa makaa, malipo hayo hayakuwapo. Msaidizi anayekula kwa kufaulu kwako ana sababu ya kukuambia kweli.

Yuko msaidizi wa namna nyingine, naye ndiye ninayempinga. Huyu hula kwa matumaini yako. Kila wazo aliloletewa, kwake ni ajabu ya dunia, mradi mwenye wazo ana fedha za kulipa. Mwaka 2017, tume ya serikali ya Marekani ilishtaki kampuni ya World Patent Marketing kwa kuwahadaa wavumbuzi waliolipa maelfu ya dola. Mwaka 2018 mkuu wake akapigwa marufuku kuifanya biashara hiyo. Ikiwa watu wa nchi yenye mawakili wengi vile walinaswa, nawe usidhani kwamba huwezi kunaswa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mvumbuzi akisifiwa huuza ng'ombe wa babaye.

Basi, kabla hujafungua mfuko, fungua kinywa. Kuuliza si ujinga. Muulize msaidizi: ni mawazo mangapi umeyakataa? Asiyekataa hata moja hapimi, huvuna. Muulize: ni wangapi kati ya wateja wako waliopata faida kuliko walichokulipa? Akikuahidi hataza ya dunia nzima, ondoka, kwa kuwa hataza ya namna hiyo haipo. Hataza inayotolewa Kenya kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi, na nguvu yake hukoma mpakani. Akijiita wakala wa hataza, nenda katika ofisi ya serikali ya hataza, Nairobi, ukatazame kama jina lake limo katika daftari la mawakala. Tena usimfunulie siri kabla hajatia sahihi mkataba wa kuitunza.

Labda utasema, ikiwa hatari ni nyingi hivi, heri nikae na uvumbuzi wangu pekee. Hilo nalo ni kosa. Mficha uchi hazai. Anayejua kuchonga chuma si lazima ajue sheria, wala ajuaye sheria si lazima ajue bei za soko. Kuomba msaada si aibu. Aibu ni kumpa mgeni uaminifu ambao hukumpa hata jirani yako.

Nchi yetu haikosi vijana wenye akili. Inachoweza kukosa ni vijana wanaojua kutenganisha mshauri na msifu. Mshauri atakuudhi leo, akakuokoa kesho. Msifu atakufurahisha leo, na kesho hutamwona. Chagua, msomaji, ungali na cha kupoteza.