Kabla ya kubomoa, onyesheni pa kulala

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaobaki ku nyumba na watoto,

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake ukapita juu ya kartié za Uvira. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabebwa. Mwaka 2024 ziwa nalo likapanda, likaingia Kavimvira, likafunika bandari ya Kalundu. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na maji yake hayashuki haraka. Aliyefukuzwa na ziwa hakai nje wiki moja, anakaa miezi.

Sisi wa sendika tunasema neno hili sababu kati ya waliopoteza nyumba kuna familia zetu. Mchimbaji iko Misisi ao Kamituga, anafikiri watoto wanalala kwao. Kumbe wamejazana kumi katika chumba kimoja kwa shemeji. Pesa aliyotuma ya masomo inaliwa na kodi ya nyumba.

Wakubwa wanatujibu: « Ni makosa yenu, mlijenga ku mto na ku ziwa. » Ni kweli, pale si pa kujenga. Lakini sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa Leta. Basi nani alipima zile parseli? Nani alitia sahihi na muhuri, akapokea pesa? Maskini alinunua karatasi mchana, watu wote wanaona. Leo karatasi ile inaitwa takataka, na aliyeiuza hakuna anayemuuliza.

Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inamupa kila mtu haki ya nyumba inayofaa. Na sheria ya mwisho wa 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti isipite miezi mitatu. Lakini maji yakipanda, wenye nyumba wengine wanaomba miezi sita, kisha wanaongeza bei. Mwenye shida anafanywa soko.

Hata Union Minière, tangu miaka ya 1920, ilijengea wafanyakazi na familia zao makambi kule Katanga. Haikuwa huruma: walijua mtu asiyelala vizuri hawezi kuchimba vizuri. Kama mkoloni alielewa hesabu hiyo, sisi tunashindwa nini?

Tunaomba mambo matatu. Moja, mtu asibomolewe mbele ya kuonyeshwa parseli mahali pa juu, yenye maji na njia, na karatasi kwa jina lake. Mke naye aandikwe, sababu bwana yuko ku shimo. Mbili, shefu wa kartié na meya wasimamie ile miezi mitatu ya garanti. Tatu, Kodi ya madini (redevance) ya mwaka 2018 inaachia provensi sehemu ya 25 kwa mia. Bukavu ituonyeshe pesa hizo, na itoe kitu kwa kupima viwanja vya waliofukuzwa na maji.

Na sisi wenyewe, ndugu: usinunue parseli kando ya mto hata kama bei ni ndogo. Ukiwa na karatasi ya zamani, usiitupe. Iletee sendika, tuiandike. Tutakapoingia kwa meya, tuingie na karatasi mkononi.